Sindano na Pembe za Jicho

Hebu nikuulize wewe unayesikiliza: mwanamke mwenye wajukuu akikaa dirishani, miwani ya kusomea puani, akachukua sindano nyembamba ya kushonea hariri na kuupenyeza uzi mweusi tunduni mara moja tu, bila kuulamba tena, utamwambia macho yake ni mgonjwa? Usingethubutu. Na ungethubutu, yeye angecheka, akakupa hiyo sindano ujaribu na wewe.

Ndivyo alivyokuwa huyu. Wateja walimwita Sindano kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye cherehani, na dada yake mkubwa wakamwita Mkasi kwa sababu ndiye aliyekata. Majina waliyopewa na wazazi wao yalikuwa yamewabana siku nyingi, kama nguo za utotoni, na hakuna aliyeyavaa tena.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe. Mlango wa mbao wa mbawa mbili ulifunguka kwenye kibaraza cha saruji, na kibaraza kiliishia barabarani. Ndani ulikuta meza ndefu ya kukatia, iliyokwaruzwa na chaki na pini mpaka ikawa na ngozi ya mtu mzima. Cherehani ilikaa dirishani kufuata mwanga, pasi ilikaa kwenye kigae chake, na vitambaa vya watu vilipangwa kwenye rafu, kila kimoja kimefungwa kwa ukanda wa kitambaa chenyewe ili visichanganyike. Nyuma ya duka palikuwa na jiko, uani na vyumba viwili vya kulala. Sindano alikuwa mjane mwenye binti mmoja aliyeolewa mji mwingine. Mkasi aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika mapema, mtoto hakupata, na habari hiyo alikuwa haipendi.

Asubuhi kabla ya kufungua duka walikuwa na desturi yao. Mkasi alichomoa sindano kwenye kimto, akamnyooshea mdogo wake pamoja na uzi.

"Tunga, tuone leo tuna fundi au tuna mzigo."

Sindano akatunga. Mkasi akapiga makofi mawili ya kizembe, akafungua mlango. Wateja waliowahi kufika walipenda kuyaona hayo. Mama mmoja mwalimu, mteja wao wa siku nyingi, aliwahi kusema kwamba angekuwa na macho kama hayo angesahihisha madaftari ya shule nzima peke yake.

"Huyu akifa," Mkasi akamjibu, "mtamzika na cherehani yake. Chimbeni kaburi pana."

Basi mtu mwenye sifa hizo, utamwanzia wapi?

Lakini mambo madogo madogo yalikuwepo. Fundi yeyote anajua kwamba nguo unayoishona, sehemu kubwa hulala kushoto kwa sindano, inakuangukia mapajani. Sindano alianza kushonea mkono wa gauni kwenye sketi ya gauni lilelile. Ubavu wa kushoto wa nguo ulijikunja chini ya mguu wa cherehani, naye akaendelea kukanyaga, mshono umenyooka kama rula, hana habari. Kila fundi hufanya kosa hilo siku moja. Yeye alilifanya, akalirudia, na nyingi ya mara hizo hakuzijua hata kidogo, kwa sababu Mkasi aliichukua nguo kwa kisingizio cha kukata nyuzi zilizobaki, akaenda kukaa nayo uani, akafumua na kuipiga mshono wa mkono.

Na paja lake la kushoto halikukosa alama, maana kona ya meza ililipata kila mara. Muuza maziwa alimlalamikia kwamba siku hizi ana maringo, anampita barabarani wala hajibu salamu.

"Ulinisalimia lini wewe?" Sindano akamuuliza.

"Jana. Tulikaribia kugongana mabega."

"Mdogo wangu ana mawazo," Mkasi akaingilia. "Na wewe unaongea kwa sauti ya maziwa yako, nyepesi."

Wakacheka, ikapita. Baada ya hapo Mkasi hakumwacha kwenda sokoni peke yake. Alimshika kiwiko, akatembea upande wake wa kushoto. Majirani wakasema ndugu hawa ni chanda na pete.

Siku moja binti wa Sindano akaja kukaa nao wiki, na mwanawe wa mwisho, mtoto wa kike aliyekuwa ndio kwanza amejua kukimbia. Huyu binti alikuwa na wimbo wake mmoja: mama uhamie kwangu, chumba kipo, wajukuu wanakutaka, umeshona vya kutosha. Kila alipouimba, Mkasi alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Asubuhi moja ya wiki hiyo Sindano alikuwa anatoka uani na sinia la vikombe. Mtoto akamjia mbio kutoka kando, mikono juu, akitaka kubebwa. Bibi yake akampita. Hakumsukuma wala hakumkaripia, alimpita tu, kama mtu anavyopita mwimo wa mlango. Mtoto akabaki mikono juu. Halafu mdomo ukaanza kucheza, akaangua kilio.

"Mama, hukumwona?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Alikuwa ubavuni kwako, mama. Hapo. Nguo yako imemgusa uso."

Sindano akageuka, akamwona mtoto na machozi yake, akaona aibu isiyosemeka. Mkasi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza kilichotokea.

"Macho ya mama yako yana nini?" alimwambia binti. "Subiri." Akaenda dukani, akarudi na sindano na uzi. "Tunga, mdogo wangu."

Sindano akaweka sinia chini, akatunga. Mara moja.

"Umeona? Hospitali wasipokukuta na ugonjwa watakupa wa kwao. Mwache mama yako."

Binti hakuitazama sindano. "Mama mkubwa, mtoto si mdogo kama sindano. Aliyeona sindano akakosa kumwona mtoto, huyo ndiye ninayempeleka hospitali."

Wakaenda siku hiyohiyo, Mkasi akabaki na mtoto. Alisema kuna oda ya mtu, na oda ilikuwepo kweli.

Kliniki ya macho ilikuwa na mabenchi marefu na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Walianza kumsomesha herufi ukutani. Sindano akazisoma mpaka mstari wa chini kabisa, akamgeukia binti yake kama mwanafunzi aliyepata zote. Binti akaanza kujiona mjinga. Halafu daktari, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, akamwekea machoni dawa ya ganzi, akampima kwa chombo kilichogusa jicho kidogo tu. Akaandika namba. Akapima tena.

Kisha wakampeleka chumba chenye giza. Akaegemeza kidevu kwenye mashine, jicho moja limefunikwa, akapewa kitufe mkononi. Nesi akamwelekeza: tazama nukta ya katikati, usihamishe jicho, ukiona taa ndogo popote pale, bonyeza.

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Halafu akangoja. Mashine ilikuwa inasema tik, tik, lakini taa hazikuja. Akangoja kwa adabu, kwa kuwa alikuwa mtu wa subira, mpaka akaona ni vizuri kusaidia.

"Mwanangu, mashine yako imeharibika. Inalia lakini haiwaki."

Nesi akaitazama skrini yake. "Inawaka, mama," alisema. "Endelea tu kutazama katikati."

Akaendelea kutazama katikati, kidole juu ya kitufe.

Daktari aliwaeleza wote wawili, bila haraka. Ni glakoma, wengine huiita presha ya macho. Si mtoto wa jicho, ule ukungu unaoweza kutolewa mtu akarudi kuona. Jicho, alisema, linatengeneza maji yake na kuyatoa, kama karo la jikoni. Tundu la kutolea likizibaziba, maji hujaa taratibu, hayaumi, hayawashi, lakini yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa kidogo kidogo, na sehemu iliyokufa hairudi. Jicho la kushoto la Sindano lilikuwa limekwenda sana. La kulia lilikuwa limeanza kuliwa upande wa puani, ndiyo maana kushoto kwake pamekuwa kama hakuna kitu.

"Lakini natunga sindano," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto anayejitetea.

"Naamini, mama. Ugonjwa huu huanzia pembezoni. Sindano unaitazama kwa katikati, na katikati huwa ya mwisho kuondoka. Mtu anaweza kusoma na kutunga uzi mpaka karibu na mwisho wa safari. Hii huwa tunamwambia kila mgonjwa, asijipime kwa hivyo."

"Na zamani? Kama ningekuja zamani?"

"Dawa hairudishi, inalinda. Ungekuja mapema tungelinda sehemu kubwa zaidi." Akatazama karatasi. "Kuna ndugu yako yeyote mwenye tatizo hili? Wa tumbo moja? Linatembea kwenye damu."

"Hakuna."

Daktari akafungua friji ndogo, akatoa kichupa, mfano wa dawa atakayotumia. Kilikuwa kichupa kifupi, tumbo pana kidogo, kifuniko kijani cha kupauka. Tone moja kila jioni, kila jicho, maisha yote.

Sindano akakishika. Vidole vyake vilikifahamu kabla yeye hajakifahamu. Kingine kama hicho kilikuwa kwenye friji ya nyumbani, mlangoni, ndani ya kopo tupu la siagi, nyuma ya mayai. Yeye mwenyewe alikitoa kila alipofuta friji na kukirudisha kila alipomaliza. *Dawa yangu ya sikio hiyo, usiimwage,* dada alimwambia. Alianza kukiona kabla huyu mjukuu hajazaliwa, kabla hata aliyemtangulia hajaota meno.

Akauliza taratibu, kama anauliza bei ya vifungo. "Daktari, mtu akishagundulika, huwa mnamwambia awaambie nduguze?"

"Lazima. Tunamwambia awalete wapimwe, hata kama wanaona vizuri. Hasa kama wanaona vizuri. Hilo halituponyoki."

"Na hilo la sindano, pia mnamwambia?"

"Akiwa fundi, ndilo la kwanza."

Njia nzima binti aliongea, na mama hakusikia. Alikuwa anatembea amegeuza kichwa kushoto, anajaribu kuona kile alichodhani anakiona. Walipofika kwenye kibaraza alimwomba binti amchukue mtoto waende dukani kwa jirani wakanunue maziwa, na wasiharakishe.

Aliingia, akasimama katikati ya duka, akalitazama kana kwamba ni la mtu mwingine. Kimto cha pini kilikuwa kulia kwa cherehani. Kilikuwa kushoto tangu walipoanza kazi. Tepu, bobini za uzi na mkasi mdogo vyote vilikuwa kulia. Pasi, iliyokuwa pembe ya kushoto, ilihamishiwa upande wa pili lini? Kiti cha wateja je? Aliambiwa nini wakati ule? Kwamba upepo unapita vizuri. Kila kitu kilikuwa kimesogezwa kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu aliyejua vizuri ni wapi hapaonekani, ili yeye asigonge, asikose, asishtuke, asiulize.

Mkasi alikuwa mezani anakata sketi. "Mmerudi. Wamesemaje?"

"Wamenipa dawa ya matone. Mikono inanitetemeka, dada. Niwekee."

Akakaa kwenye kiti, akainua uso. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Mkasi akafuta chaki kwenye kanga, akanawa mikono, akarudi. Akakitikisa kichupa kidogo, akakifungua, akaweka kifuniko chali mezani ili mdomo wake usiguse kitu. Akavuta kope la chini, likawa mfuko mdogo. Tone likaanguka katikati ya mfuko, halikugusa kope wala shavu.

"Fumba. Usikaze." Na kidole cha Mkasi kikaenda chenyewe kwenye pembe ya jicho, pale jicho linapokutana na pua, kikabana na kutulia, ili dawa isikimbilie kooni. Ndivyo nesi alivyomwonyesha Sindano mchana ule, na nesi alisema wengi huhangaika siku nyingi mpaka wakazoea.

Sindano alikuwa amefumba macho. "Nani alikufundisha kubana hapo?"

Kidole kilibaki pale pale. Halafu kikaanza kuwa kizito.

"Kwani kuna asiyejua?"

"Mimi sikujua."

"Basi nilisikia mahali."

"Na sikio lako linaendeleaje?"

Mkasi akaondoa mkono. Sindano alifumbua macho, akamwona dada yake katikati kabisa, wazi, kila mkunjo wa uso wake na chaki kidogo kwenye nyusi. Katikati ilikuwa bado nzima.

"Sikutaka kukutisha," Mkasi alisema.

"Hiyo ni sababu ya kwanza. Leta nyingine."

"Mdogo wangu..."

"Leta nyingine, dada."

"Nilidhani wewe huna. Ulikuwa unaona vizuri. Kila siku unatunga."

"Nani alikuwa ananipa sindano?"

Mkasi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akajikunyata, mtu mrefu yule, akawa kama amekunjwa kwenye rafu.

"Uliambiwa kwamba sindano si kipimo," Sindano akaendelea. Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu. "Uliambiwa, kwa sababu kila fundi huambiwa. Ukatoka kliniki, ukaja hapa, ukaanza mchezo wako wa asubuhi. Nami nikacheka. Wateja wakacheka. Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele ya watu, nami nakushukuru."

"Nilikuwa nakutunza. Nilikushika mkono. Nilikufumulia nguo usiku na mchana usione aibu."

"Ulinitunza nisijue. Pasi uliisogeza wewe?"

Mkasi akaitazama pasi.

"Uliisogeza wewe?"

"Ndiyo."

"Basi ulijua mpaka upana wake. Ulijua giza langu linaanzia wapi na linaishia wapi, mimi mwenye macho sijui. Wewe jioni unaingia chumbani, unatia tone lako, unalinda macho yako. Mimi niko ukuta wa pili, jicho langu linakufa. Ungeniamsha. Tone moja, dada. Kichupa kimoja kingetutosha hata tukigawana."

Mkasi alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa pindo la kanga. Sindano alimtazama akilia, na moyo wake, uliokuwa laini kwa dada huyu tangu utoto, haukusogea. Hilo nalo lilimwogopesha.

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Leo nimempita mjukuu wangu akiwa ameninyooshea mikono. Ni wajukuu wangapi nimewapita, nikaambiwa nina mawazo? Na mwanangu, hujafikiri kwamba na yeye ana damu hii hii? Naye ungemnyamazia?"

"Huyo..." Mkasi akasema, akakatiza.

"Huyo nini?"

"Usinifanye niseme."

"Nitakufanya. Umenipa sababu mbili za uongo. Ulikuwa hunichukii, hilo najua, ningelikuwa nachukiwa ningejua sababu, ningelala leo. Ulikuwa huna wivu na kazi yangu, maana umeifumua na kuishona upya. Sasa mtu anayempenda mwenzake anamwacha apofuke kwa sababu gani? Nimekaa kwenye kiti cha daktari nikatafuta, sikuipata. Nisaidie. Ulitaka nini?"

Nje, mtoto alikuwa anacheka kibarazani, na binti anamwambia asubiri, bibi ana mazungumzo. Mkasi alisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha. Akakunja pindo la kanga, akalikunjua, akalilaza juu ya goti na kulinyoosha kwa kiganja.

"Siku niliyotoka kliniki," alisema, "nilikuja mbio kukwambia. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikakuta binti yako ameketi hapo, anakuimbia ule wimbo wake. Chumba kipo. Nikajua mwanao akisikia macho ya mama yanaharibika, hakuna atakayemzuia, atakufungashia virago jioni ile ile. Nikasema, ngoja aondoke kwanza. Akaondoka. Nikasema, ngoja sikukuu zipite. Kisha nikaanza kukuona unagonga meza, na hapo nilikuwa nimeshachelewa, kila siku niliyongoja ilikuwa inanifunga mdomo zaidi."

"Sijauliza ulichelewaje. Nimeuliza ulitaka nini."

Mkasi akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na mazima.

"Nilitaka usiondoke," alisema. "Nilitaka usiniache peke yangu na nyumba hii."